Pilipili nyumbani Goma: kutoka mbegu hadi banda la plastiki

Mvua za Septemba zikianza tu, maswali ni yale yale. Nimepanda mbegu wiki mbili zilizopita, mbona hazioti? Majani yamejikunja, nipige dawa gani? Maua yanaanguka kabla ya kufunga, tatizo ni nini? Na lile linaloulizwa kuliko yote: nijenge sere, yaani banda la plastiki, kwanza, ndipo nipande?

Hili la mwisho nalijibu mapema maana linawala watu pesa. Hapana, usianze na sere. Banda la plastiki ni hatua ya mwisho, na hapa Goma kazi yake kubwa ni kuzuia mvua, si kuleta joto. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana tunapata nyuzi 25 au karibu na hapo, usiku 14 au 15. Pilipili inaishi na hali hiyo bila shida. Kinachoishinda ni mizizi kukaa ndani ya maji na majani kulowa siku baada ya siku, kama inavyotokea Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei.

Ulioko Bukavu unaweza kufuata mwongozo huu huu, ila udongo wenu mwekundu unashika maji sana, kwa hiyo ongeza changarawe. Wa Lubumbashi wajihadhari na Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10. Kwao ni heri kuotesha mbegu Agosti, baridi ikishaanza kuondoka.

Aina gani?

Anza na mbili. Ya kwanza ni ile ndefu nyembamba, ambayo wataalamu huiita Capsicum annuum: inaota upesi, inazaa mapema, inasamehe makosa. Ya pili ni ile fupi yenye mikunjo, nyekundu au ya manjano, inayonukia hata kabla hujaikata. Hiyo ni Capsicum chinense, na ndiyo mama wengi wanaitafuta sokoni kwa ajili ya sambaza na maharagi. Ni kali zaidi, ila ni nzito kuota na usiku wa baridi unaichelewesha. Ukipanda hiyo peke yake utakata tamaa mapema. Panda zote mbili, ile ndefu ikutie moyo wakati ile nyingine inajivuta.

Vitu vya kuandaa

- Pilipili chache zilizoiva kabisa, au pakiti ya mbegu kutoka duka la kilimo.
- Udongo mweusi, samadi iliyooza, na changarawe laini ya volkano (hii hainunuliwi, iko kila mahali).
- Vikombe vya plastiki au chupa za maji zilizokatwa, zenye matundu chini.
- Ndoo zilizopasuka au bidoni za lita 20, moja kwa kila mmea.
- Pipa la kukingia maji ya mvua.
- Sabuni ya maji, chupa ya kupulizia, kamba, vijiti.
- Kwa baadaye: nguzo za mti, plastiki angavu, wavu. Usinunue sasa.

Hatua kwa hatua

1. Toa mbegu kwenye pilipili iliyoiva, si ya kijani. Pilipili ya kijani mbegu zake bado changa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla haijaanza. Chagua iliyobadilika rangi yote, isiyo na doa. Ikate, toa mbegu, zianike kivulini juu ya karatasi hadi zikauke. Juani hapana. Vaa sashe za plastiki mikononi au glavu, kwa sababu ukali unabaki kwenye vidole kwa saa nyingi na utajisugua jicho bila kukumbuka. Mbegu za pakiti zilizoandikwa F1 (mbegu chotara) zinazaa vizuri mwaka wa kwanza, lakini ukirudia kupanda mbegu za matunda yake hujui utapata nini.

2. Tengeneza udongo mwepesi wa kitalu. Sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza, moja ya changarawe iliyochekechwa. Samadi ya ng'ombe inafaa, ya sungura na ya dende pia, mradi imekaa miezi mitatu na haina tena harufu ya zizi. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kisha mwagia udongo huo maji yanayochemka na uuache hadi kesho yake. Utapunguza ukungu na wadudu wanaokula miche.

3. Zipe mbegu joto. Hapa ndipo lilipo jibu la wale wanaolalamika kwamba mbegu haziwaotei. Pilipili inataka nyuzi 25 hadi 30 ili iote vizuri. Mbegu iliyokaa barazani usiku wa nyuzi 14 haijafa, inangoja tu, na ikingoja sana kwenye maji inaoza. Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, zipande kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, funika chombo kwa sashe angavu, kisha kiweke jikoni juu ya rafu mahali ambapo hewa ya mbabula (jiko la makala) inafika. Si juu ya mbabula yenyewe: ukigusa udongo na kuhisi moto, umezidisha. Aina ndefu itatokeza kwa wiki moja hadi mbili. Ile yenye mikunjo inaweza kuchukua wiki tatu au nne, usiifukue kuichungulia.

Onyo moja lisilo la mimea: usiingize mbabula inayowaka kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha mbegu. Hewa ya makala inaua watu wakiwa usingizini, na hakuna pilipili yenye thamani hiyo.

4. Zikitokeza, mwanga siku hiyo hiyo. Joto la jikoni lilikuwa la kuotesha tu. Mche unaobaki gizani unarefuka, unakuwa mweupe na kuanguka. Toa sashe, weka kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi au chini ya ukingo wa paa. Mwagilia kutoka chini: weka kikombe ndani ya beseni lenye maji kidogo, kinywe kwa dakika kumi, kitoe. Sehemu ya juu ya udongo ikikauka kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, ukungu unaokata miche hautapata nafasi.

5. Hamisha kwenye vikombe. Ngoja majani mawili ya kweli yatokee juu ya yale mawili ya mwanzo. Shika mche kwa jani, usiushike shina: jani likivunjika litaota jingine, shina likivunjika mche umekwisha. Mmoja kwa kikombe.

6. Uzoeshe nje. Mche wenye majani sita hadi manane, kwa kawaida wiki sita hadi nane tangu mbegu, uko tayari kuona dunia, lakini si kwa ghafla. Siku ya kwanza saa mbili za jua la asubuhi, kesho yake ongeza, hadi siku saba au kumi. Upepo wa ziwani mchana unaweza kuvunja miche yenye shina laini. Mche uliotolewa jikoni na kuachwa juani kutwa nzima utakuwa na mabaka meupe kabla ya jioni, na watu wanadhani ni ugonjwa.

7. Chombo kikubwa. Wengi wetu parseli zetu ni lava tupu, kwa hiyo achana na habari za matuta. Bidoni ya lita 20 iliyokatwa juu inatosha mmea mmoja kwa maisha yake. Lita 10 ndiyo ya chini kabisa. Toboa matundu manane hadi kumi chini na pembeni karibu na kitako. Mchanganyiko ni ule ule wa hatua ya 2, ila changarawe hapa iwe kubwa kidogo. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Usitumie tena udongo uliotoka kwenye nyanya, biringanya au viazi mviringo: ni ukoo mmoja, na magonjwa yao yanarithiana.

Kama una ukuta wa mawe ya lava, panga bidoni mbele yake upande unaopigwa na jua la alasiri. Jiwe jeusi linameza joto mchana na kulitoa usiku, na ile aina yenye mikunjo inalipenda hilo. Kwa pesa sifuri, ukuta huo utakusaidia kuliko nusu ya mabanda niliyoonyeshwa.

8. Maji na chakula. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa watu wasiokunywesha mimea yao maji ya Ziwa Kivu.

Maji ya ziwa letu yana chumvi na magadi. pH yake (kipimo cha tindikali na magadi; 7 ni katikati) juu ni karibu na 9. Maji ya bomba ya mjini nayo yanatoka ziwani. Kumwagilia nayo mara chache hakuna neno. Ukimwagilia nayo miezi mitatu mfululizo ndani ya bidoni, chumvi inabaki kila maji yanapokauka. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo, kisha majani mapya yanakuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Chuma kimo udongoni, ila mmea hauwezi kukichukua. Watu wanaongeza samadi, wanaongeza dawa, na hali inazidi.

Dawa yake ni mvua. Kinga maji ya paa. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita mraba 6 ni lita 60, yaani bidoni tatu ambazo hukuzibeba mgongoni. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ukilazimika kutumia ya ziwa, basi kila mara mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini, ili yaondoke na chumvi. Kumwagilia kidogo kidogo ndiko kunakojaza chumvi.

Mvua nayo ina sharti lake hapa kwetu. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unapolala juu ya mji, mvua ya kwanza inashuka na tindikali na kuacha vidoa vya kahawia kwenye majani. Acha dakika za mwanzo zipite, ndipo uelekeze bomba la paa kwenye pipa. Na maji hayo ni ya mimea. Kwa kunywa, mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano haifai.

Kuhusu majivu: bibi zetu waliokuwa wanalima Masisi na Rutshuru waliweka majivu, na kwenye udongo wenye tindikali walikuwa sahihi. Kwenye bidoni linalonyweshwa maji ya ziwa, majivu yanaongeza kile kile kilichozidi. Yaache.

Kiasi: ingiza kidole sentimita tatu. Kukiwa kukavu, mwagilia. Kukiwa na unyevu, nenda ukafanye kazi nyingine. Mmea mkubwa wenye matunda unakunywa nusu lita hadi lita moja siku ya jua.

Chakula: tithonia, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara na kwenye nyua. Katakata majani na matawi laini, kilo moja kwa lita 10 za maji, funika, ngoja wiki mbili. Harufu yake itawaudhi majirani, weka mbali na dirisha lao. Chuja, changanya kopo moja na makopo matatu ya maji, mwagia udongo (si majani) kila baada ya wiki mbili. Maua yakianza, punguza. Mmea unaolishwa samadi nyingi unakuwa mti mzuri wa kijani usio na pilipili.

9. Sasa banda. Ukiwa na mimea sita au zaidi iliyo hai na inayochanua, jenga. Mita 2 kwa 3 zinatosha. Urefu usipungue mita 2 upande wa chini na ufike 2.5 upande wa juu, ili hewa ya moto ipande na maji ya mvua yateremke upande mmoja kwenye pipa.

Nguzo za karatusi zinadumu na zinapatikana. Tatizo ni kuzisimika, maana katika kartie nyingi ukichimba kidogo tu unagonga lava. Usipoteze siku na nondo na nyundo. Simamisha kila nguzo ndani ya ndoo kuu kuu ya rangi, jaza zege au mawe yaliyobanwa vizuri, kisha funga nguzo hizo kwa miti ya kulala juu na chini. Banda lililofungwa chini linasimama dhidi ya upepo wa ziwani kuliko lililotegemea uzito wa ndoo peke yake.

Paa liwe la plastiki angavu ya kilimo, ile iliyotengenezwa kuvumilia jua. Ya unene wa mikroni 200 ndiyo ya kawaida. Sashe za kawaida zinapasuka ndani ya miezi michache. Bashi nyeupe za misaada zinazuia mwanga mwingi mno, mimea itarefuka na kuacha kuzaa. Kata ncha zote za misumari na funika kona kwa vipande vya kandambili zilizochakaa kabla ya kuvuta plastiki.

Pembeni weka wavu, usizibe kwa plastiki. Hili ndilo kosa kubwa la mabanda ya Goma. Nje kuna nyuzi 25, ndani ya plastiki iliyofungwa saa saba mchana joto linavuka 35, na hapo maua yanaanguka. Ukitaka pazia la plastiki la usiku, liwe la kukunjwa kila asubuhi. Kuhusu wavu, chandarua kilichotoboka na kisichofaa tena kulalia ni sawa. Chandarua kizima ni cha kulalia watoto.

Futa paa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila vumbi au majivu ya volkano yakishika. Usisugue kwa mchanga, plastiki inafifia.

10. Tikisa maua, kisha vuna. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe, ila linataka mtikisiko. Nje upepo unafanya kazi hiyo. Ndani ya banda ifanye wewe: gusa matawi kwa kidole asubuhi, umande ukishakauka. Tunda la aina ndefu unaweza kuanza kulichuma miezi mitatu hivi baada ya kuhamishia kwenye chombo kikubwa, ile yenye mikunjo minne au zaidi. Kata kwa mkasi pamoja na kikonyo, usivute, tawi linachanika. Kadiri unavyochuma ndivyo mmea unavyochanua tena.

Mambo yakienda vibaya

*Miche inaanguka kana kwamba imekatwa kwa wembe.* Ukitazama shina karibu na udongo ni jembamba na jeusi: ukungu wa maji mengi. Iliyoanguka haiponi. Kausha udongo, ongeza hewa, okoa iliyobaki. Ikiwa shina limekatwa kweli na mche umelala pembeni, fukua udongo hapo hapo. Utakuta kiwavi mnene amejikunja. Mpe kuku.

*Majani yanajikunja.* Geuza jani kwanza. Ukiona wadudu wadogo wa kijani au weusi, au vijidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa, pulizia kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, chini ya majani, jioni, rudia kila siku tano. Huoni kitu lakini majani machanga ya juu yamekuwa membamba, magumu, yamekunjamana? Ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Kata ncha hizo, zichome, na pulizia salfa ya kilimo kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kukiwa na mabaka ya manjano na kijani yaliyochanganyika, ni virusi, ng'oa mmea. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mimea, tumbaku inabeba ugonjwa wa aina hiyo.

*Mmea unanyauka mchana, udongo ukiwa na maji, majani bado ya kijani.* Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Toa mmea na udongo wake wote, na bidoni ioshwe kwa javeli kabla ya kutumika tena.

*Kitako cha tunda kinakuwa cheusi na laini.* Umwagiliaji wa leo mwingi, kesho hakuna. Kalisi haifiki kwenye tunda maji yakiyumba. Panga ratiba kabla ya kukimbilia mbolea.

*Madoa ya duara yaliyobonyea kwenye tunda linaloiva.* Ukungu wa mvua. Okota yote, hata yaliyoanguka, na usitoe mbegu humo. Kama bado uko nje bila paa, huu ndio wakati wa hatua ya 9.

*Maua yanaanguka.* Joto la banda lililofungwa, samadi nyingi, kiu, au wiki ya usiku wa baridi. Pitia kwa mpangilio huo; la kwanza ndilo mara nyingi.

*Mikono inawaka baada ya kuvuna.* Maji peke yake hayasaidii, ukali wa pilipili hauyeyuki ndani yake. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni. Mdomoni, maziwa.

*Mmea umechoka baada ya mwaka.* Usiutupe. Pilipili inaishi miaka kadhaa. Mwishoni mwa Agosti, kabla mvua hazijarudi, kata matawi hadi theluthi moja ya urefu, toa udongo wa juu sentimita tano uliojaa chumvi, weka samadi iliyooza mahali pake, na mwagilia kwa maji ya kwanza mazuri ya Septemba.